Sufuria ya Kiangazi kule Bawshar

Watu waliokuja matangani kwa wifi yangu Khole, mwaka wa elfu mbili na tisa, walikaa wakanywa kahawa na halua, wakasema marehemu hakupungukiwa na kitu. Nyumba ya ghorofa, geti la chuma lenye nakshi, wajukuu wenye adabu. "Kaishi vizuri, kafa vizuri," wakasema. Mie nilikuwa nimekaa pembeni na tasbihi yangu, nimeuma meno. Bawshar nzima, hapa Maskati, inajua kwamba mie Mahfoudha nna mdomo, lakini siku ile niliuziba kwa heshima ya maiti. Leo sizibi. Khole alipata kukosa chakula cha mchana, yeye na wajukuu zake, nyuma ya geti hilo hilo lenye nakshi, na mie nilikuwepo.

Khole alikuwa mke wa kaka yangu Sleyum. Tulitoka Unguja pamoja mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukafika Maskati hatujui hata kuomba maji kwa Kiarabu cha watu wa hapa. Sleyum akapata kazi bandarini Matrah, akaifanya mpaka mgongo ukapinda. Serikali ilipogawa viwanja akapata kimoja Bawshar, akajenga. Alijenga kama mtu aliyeapa: ghorofa mbili, baraza, na lile geti. Nikamwambia, "Kaka, geti hili la kasri, ndani tutakula nini?" Akacheka. Alikufa mwaka wa tisini na nne, rangi ya juu bado haijamaliziwa.

Nyinyi mnajua mawifi walivyo. Kwetu wifi ni mtu wa kutaniwa, ukimsifu watu watashtuka wakidhani mmegombana. Tangu siku Khole alipoingia kwetu na hina mikononi nilimwita mwizi, kwa kuwa kaniibia kaka yangu, naye akaniita jini la ukoo. Miaka thelathini tumeitana hivyo. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa kuzaliwa, na sikuwahi kumwambia, maana nani humwambia wifi yake maneno kama hayo?

Alikuwa na mtoto mmoja, Marwan. Huyu alifanya kazi kiwandani Rusayl, akaoa, akazaa watatu, halafu mambo yakamharibikia yote kwa mpigo. Kiwanda kikapunguza watu, mke akadai talaka akaolewa Sohar, na Marwan akasema anakwenda Dubai kutafuta riziki. Riziki aliitafuta kweli, lakini hatukuiona. Watoto akamwachia mama yake: Loay, Fajr, na kitinda mimba Nouf, ambaye wakati huo hata meno ya mbele hajaota vizuri. Khole akabaki na pensheni ya Sleyum, na pensheni ile haikuwa ikifika katikati ya mwezi.

Sasa msaada wa serikali kwa wenye shida upo, alhamdulillahi, nchi hii haina baya. Lakini mwenye nyumba ya ghorofa nani atamdhania? Yeye mwenyewe hakwenda kuomba hata mara moja. Nikimwambia, ananijibu, "Nikae foleni na wajane wenye vibanda, mie niliyeachiwa kasri?" Masikini jeuri, ndivyo nilivyomwita usoni, akacheka.

Shule zikiwa wazi hali ilikuwa na nafuu. Shuleni watoto walipata mkate na maziwa asubuhi, basi tumbo lilikuwa na kitu. Likizo ya kiangazi ikiingia, mwezi wa sita, mkate ule unakatika, na joto la Maskati mnalijua, mtoto hawezi hata kutoka nje kucheza akasahau njaa. Anakaa ndani analitazama jiko.

Ndipo mwaka wa tisini na nane likaja lile fungu. Serikali ilitoa pesa za kulisha watoto wakati wa likizo, kamati ikaundwa, na mtaa wetu ukapata sehemu yake kwa sababu tulikuwa na darasa la Kurani la wanawake kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa wa shughuli za harusi na misiba. Mpango ulikuwa mwepesi: watoto waje asubuhi wasome, adhuhuri wale, warudi makwao. Gari ya kamati ilileta mchele, maharage, kuku, tende na samli. Kilichotakiwa ni mpishi.

Mtaa mzima ulijua mkono wa Khole. Wakamwomba, akakubali kabla hawajamaliza kusema, na mie nikajua kwa nini. Loay, Fajr na Nouf walikuwa wa kwanza kukaa mkekani. Hakuna aliyeuliza mtoto gani ana shida na yupi hana, aliyekuja kusoma alikula. Bibi yao ndiye mpishi, basi nani atasema neno? Chakula kile kilikuwa kinawafikia wajukuu zake bila ya yeye kumnyooshea mtu mkono wala kumshukuru mtu. Nna hakika hajapata kuwa na furaha kama ile tangu Sleyum afe. Alikuwa anaimba jikoni! Sauti mbaya, lakini anaimba.

Wala si yeye peke yake. Mtaa wetu ulikuwa na mageti mazuri mengi. Wadha, jirani wa nyumba ya kona, mumewe alikuwa kalala na ugonjwa wa figo na gari yao ya kifahari imesimama uani magurudumu yamekaa chini, na watoto wake wanne walikuwa wanakuja sablani kabla ya jua kukaza. Nilikuwa nagawa wali mie, nawaona wanavyokula. Mtoto aliyekula kwao jana usiku na mtoto ambaye hakula, ukishika upawa utawajua. Tuliwaona, tukawaongezea, tukanyamaza.

Vikapita viangazi vitatu hivyo. Cha nne, tukaambiwa fungu limepungua, kamati itazunguka mitaa yote kuangalia wapi pana haja zaidi, na wetu watakuja siku ya Jumatatu.

Sasa sikiliza kilichotokea, na uniambie kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kufanya kosa kama hili. Khole akapita nyumba kwa nyumba. "Jumatatu tuna wageni wa serikali," akasema. "Tusiaibike." Basi! Maneno hayo mawili yalitosha. Mgeni anakuja, na mtu wa kwetu akisikia mgeni anakuja akili yote inamtoka, inabaki heshima peke yake.

Jumatatu asubuhi sabla ilinukia udi mpaka barabarani. Watoto wamevaa nguo zao za Idi. Wavulana dishdasha nyeupe zimepigwa pasi zinakata, wasichana magauni ya kung'ara, wengine na vipuli vya dhahabu walivyoazimwa na mashangazi. Nouf nilimpaka wanja mie mwenyewe. Wadha, ambaye kwake hata kitunguu kilikuwa cha kuhesabu, alileta achari ya maembe na sahani zake za kauri za harusi. Mwingine akaleta zulia. Khole akaacha wali na maharage ya kila siku, akazimaliza kuku za wiki nzima akapika biriani, zafarani juu, zabibu juu, na sambusa pembeni. Tulijitazama tukafurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, jamani, hawa wanakuja kutafuta njaa.

Mkuu wao alikuwa kijana anaitwa Ghassan, mpole, mtu wa kusikiliza. Wazee wake walikaa bara, upande wa Mwanza, kwa hiyo Kiswahili kilimpanda vizuri, kile cha bara. Akatuamkia, "Shikamooni mama zangu," roho zetu zikafunguka. Nikamwonyesha Khole, nikamwambia, "Mwangalie vizuri huyu mpishi wenu, baba. Samli ya serikali yote imo tumboni mwake." Khole akajibu, "Na huyu mchunge, asikuibie viatu." Ghassan akacheka mpaka akafuta macho. Akasema hata kwao mawifi ni hivyo hivyo, bibi yake na wifi yake walitukanana mpaka mmoja akazikwa.

Wakala. Wakasifu. Wakatazama watoto, wakatazama yale mageti wakati wa kutoka. Walipoondoka tulipongezana kama watu waliomaliza harusi.

Baada ya wiki mbili likaja jibu kwa mdomo wa dereva wa ile gari: mchele uliobaki tumalizie, mwingine hauji. Mtaa wetu hali yake nzuri, alhamdulillahi, fungu linakwenda penye haja.

Loh! Khole alikuwa ameshika upawa. Akauweka chini taratibu, akakaa juu ya gunia. Akaniuliza, "Tumekosea wapi, Mahfoudha?" Anauliza kweli. Nikataka kumtania, nikaona uso wake nikashindwa. Nikamwambia, "Wifi, tumewalisha biriani watu waliokuja kuona njaa." Akasema, "Lakini walikuwa wageni."

Nikampigia simu Ghassan mie mwenyewe, maana mie sioni haya. Nikamwambia mtaa huu una watoto wenye njaa. Hakunidharau. Alisema, "Mama, wenzangu kwenye kamati wameona walichoona. Nileteeni mzazi mmoja tu, aje aseme mbele yao kwamba watoto wake kiangazi hawana chakula cha mchana. Mmoja. Mimi nitasimama upande wake, na fungu litarudi." Kikao kilikuwa Jumatano.

Mmoja! Tukaona kazi ndogo. Tukaanza kwa Wadha. Akatukaribisha, akatutilia juisi ya unga, akasikiliza mpaka mwisho huku anakunja ushungi wake vidoleni. Kisha akasema, "Mimi wanangu walikuwa wanakuja kusoma, Bi Khole. Kula kulikuwa ni baraka tu juu yake. Sisi alhamdulillahi. Watafuteni wenye shida kweli." Kwenye chumba cha pili mumewe alikuwa anakohoa. Wanne wale walikuwa wamekaa chini ya ngazi wanatutazama, mdogo ananyonya kipande cha barafu.

Nilitoka pale nna hasira za kuvunja mlango. "Mficha uchi hazai!" nikasema njiani, kwa sauti asikie na yeye ndani. Khole akanivuta buibui. "Usimseme," akasema. "Ana mume ndani." Tukazunguka siku mbili katika joto lile, na kila geti likatujibu lile lile: alhamdulillahi, watafuteni wenye shida. Ungedhani Bawshar nzima hakuna tumbo tupu, na mie nimewagawia wali miaka mitatu kwa mkono wangu.

Jumatano tukenda wawili tu, tumekodi teksi. Njiani nikamwambia, "Wifi, mzazi mmoja wanayemtaka umekaa naye hapa kwenye kiti." Akatazama nje. Sikumbana zaidi, nikasema moyoni, akifika kule akiulizwa ataeleza, atakuwa hana pa kukimbilia. Kwani siku hiyo ilikuwa hakuna kitu. Nilipita kwake asubuhi kumchukua, jiko baridi, watoto wamepewa tende na chai, na yeye kanywa maji.

Tuliingizwa chumba cha kiyoyozi, meza ndefu, watu watano, Ghassan katikati. Akatuamkia kwa heshima zote. "Mama Khole," akasema, "umempata mtu?"

"Watu wana haya, baba," Khole akasema.

"Nawaelewa. Lakini wenzangu hapa wanataka kusikia kwa mzazi mwenyewe." Akainama mbele, akashusha sauti kama mtoto na mama yake. "Na wewe je, mama? Nyumbani kwako una wajukuu. Hali yako ikoje?"

Nilishusha pumzi. Nikasema Mungu mkubwa, kaulizwa, tena kwa upole. Khole alinyoosha buibui lake magotini.

"Mie alhamdulillahi," akasema. "Sina ninachokosa."

Wallahi nilisimama. "Muongo huyu!" nikasema. "Msimsikilize! Hana kitu ndani, hana! Wajukuu zake watatu wameshindia tende, yeye mwenyewe kaja hapa na maji matupu tumboni. Mnataka mzazi mmoja, huyu hapa!"

Ghassan akamgeukia Khole, nikaona anakaribia kuamini, naapa nilimuona. Na Khole akacheka. Kicheko chake kile kile cha jikoni. Akanishika mkono chini ya meza, akanikaza mpaka pete ikaniuma, na huku anacheka. "Si nilikwambia umchunge huyu, baba?" akasema. "Wifi yangu. Tangu nimeolewa hajapata kunisema jema. Juzi alisema nimekula samli yote ya serikali, leo anasema nafa na njaa!"

Ghassan akaachia pumzi, akacheka. Wenzake wakamuuliza kwa Kiarabu, akawaeleza mambo ya mawifi wa Kiswahili, wakacheka na wao. Mie nikabaki nimesimama. Nilikuwa nalia, na mmoja wao akanisogezea karatasi za kufutia macho, akidhani ni machozi ya kucheka. Nikasema, "Sio mzaha," nikarudia, "Sio mzaha, baba," na kila nikirudia wanacheka zaidi. Miaka thelathini ya maskhara, siku niliyotaka kweli yangu iaminiwe hakuna aliyeitaka.

Fungu likafungwa pale pale. Walitusindikiza mpaka mlangoni.

Ndani ya teksi nilimpigia kelele. Nilimwita majina ambayo hata mawifi hawaitani, dereva akaongeza sauti ya redio asisikie. Tukafika kwenye mzunguko wa Ghala, Khole akanigeukia. Akasema, "Ningesemaje, Mahfoudha? Kakako kaua mgongo wake kunijengea nyumba ile. Niende nikakae mbele ya wanaume watano niseme Sleyum kaniacha na njaa?" Akageuza uso dirishani. Hasira zote zikanitoka, nikabaki na huruma, na huruma haina pa kukaa kwa mtu kama Khole.

Utaniuliza, na weye, Mahfoudha, wewe ulikuwa wapi na chakula chako? Nilikuwa nakaa kwa mwanangu Muslim, tunakula vizuri. Nikapeleka. Siku ya kwanza nikapeleka bakuli la mchuzi wa kuku na mkate. Kesho yake bakuli langu likarudi, na ndani mna ndimu za uani kwake na kipande cha sabuni mpya. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hiyo haina mjadala. Nikapeleka wali, likarudi na kopo la maziwa ya unga, na mie nnajua kopo lile lilikuwa la mwisho. Nikamwambia, "Khole, usinirudishie kitu, nakuomba." Akasema, "Nimeanza lini kukosa adabu?" Kila nikimlisha, nilikuwa namfilisi. Mwisho nikaacha kupeleka, nikawa nawaita watoto waje kwangu kucheza, nikitumai tumbo la mtoto halina adabu kama la bibi yake.

Ilikuwa mwezi wa saba, joto la kuua. Muslim yuko kazini, sote tumemaliza kuswali adhuhuri, chakula kimo mezani: samaki wa nazi na wali, kuku wa kukaanga. Nouf akaingia, ana miaka sita wakati huo, nywele kazisuka vizuri, kaja kuniletea dawa yangu ya macho niliyoisahau kwao. Asubuhi yake nilikuwa nimepita pale. Jiko halijawashwa.

"Karibu mwanangu, kaa ule na bibi," nikamwambia, nikamvutia kiti.

Akasimama. Akaitazama ile sahani ya kuku. Niliona koo lake linameza mate, kitu kidogo kimepanda kimeshuka. Midomo imemkauka, imepasuka katikati.

"Ahsante, bibi," akasema. "Tushakula."

"Mmekula nini?"

Akafikiri. "Biriani," akasema.

Nikamshika mkono, nikambembeleza, nikamkaripia, nikamwambia ni siri yetu wawili, bibi Khole hatajua. Nikampelekea paja la kuku mpaka mdomoni. Akafumba mdomo akageuza uso pembeni, kwa adabu, machozi yanamtoka. "Tushakula, bibi, wallahi tushakula," akasema, akanibusu mkono kama alivyofunzwa, akatoka kwenye jua akarudi kwao.